Rafiki Yangu Ameandikwa Hana Ari, na Mwandishi ni Mkwe Wangu

Mheshimiwa Mama Mshauri,

Kwa heshima na unyenyekevu nabisha hodi katika safu yako, nikijua fika kwamba nafasi hii huhitajiwa zaidi na vijana wenye mashaka ya ndoa na uchumba, nami mgane niliyekwisha kuvuka umri huo naona haya kuwapokonya zamu yao, lakini jambo lililonipata limenielemea na sina wa kumweleza, kwa kuwa yule ambaye ningemweleza, marehemu mke wangu, ametangulia, na waliobaki nyumbani ndio hasa wanaohusika. Naomba radhi mapema kwa urefu wa barua hii. Wamisionari walionisomesha walitufundisha kwamba malalamiko yasiyo na mpangilio ni kelele tu, basi nitajitahidi kupanga, na nikipotoka uniwie radhi, maana nimekasirika, na sijazoea kukasirika kwa maandishi.

Naishi kwa mwanangu wa kiume na mkewe. Mkwe wangu huyu ni mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali iliyo jirani na kwetu, na kabla sijamlalamikia nataka ieleweke kwamba ni mtu mwema: nilipovunjika nyonga ni yeye aliyenishika kiuno akanifundisha kutembea upya, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi uani, wala hakuniita mzigo hata siku moja. Mimi humwita mama, naye huniita baba, na baina yetu ipo ile heshima ya wakwe ambayo hainiruhusu hata kuuliza kama chumvi imesahauliwa.

Alipoanza utafiti wake juu ya mazoezi ya viungo kwa wazee, alitukusanya sisi wenye fimbo wa mtaa mzima katika chumba cha chini cha hospitali, chumba chenye mlango mpana na sakafu isiyoteleza, tukafundishwa kuinuka kitini bila kushika mikono ya kiti, kusimama kwa vidole vya miguu huku tumeshika ukingo wa meza, na kutembea juu ya utepe uliobandikwa sakafuni kama watoto wachezao. Hapo ndipo nilipozidi kushikamana na rafiki yangu, fundi cherehani mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Bwana Pindo, kwa sababu suruali aliyoikunja yeye haikufumuka mpaka mwenyewe achoke nayo. Magoti yake yamekwisha kwa kukanyaga cherehani maisha yake yote, lakini kila alipoinuka kitini alitangaza kwa sauti, "Jamani, suruali imechakaa lakini pindo lingalipo!" nasi tukacheka mpaka mkwe wangu akatukemea, "Wazee, mnacheka kwa midomo, chekeni kwa magoti!" Bwana Pindo alikuwa amefikia hatua ya kwenda msalani peke yake bila kumwita binti yake, na Mama Mshauri, mtu ambaye hajawahi kuvushwa mlango wa msalani na mwanawe mwenyewe hawezi kujua ushindi huo ni mkubwa kiasi gani.

Kisha, utafiti ukiwa katikati, tukahamishiwa ghorofani. Lifti hakuna. Ipo ngazi yenye kona, na kishikio chake kiko upande mmoja tu, tena kimelegea. Nilimwuliza mkwe wangu chumba chetu kimepatwa na nini.

"Kimekuwa ofisi ya bosi, baba."

"Na ofisi yake ya juu ilikuwa na kasoro gani?"

Akatazama sakafu. "Bosi ana goti, baba. Ngazi zinamsumbua."

Niwie radhi, sikujua nicheke au nilie.

Siku ya kwanza ya kupanda, Bwana Pindo alifika kwenye kona, akaketi juu ya kipandio, akapumua, akajaribu tena, akashindwa, na kwa kuwa hakuweza kusimama ili ageuke, akashuka kwa makalio, kipandio kwa kipandio, mbele ya watu waliopanga foleni ya dawa, naye akiwaambia, "Nipisheni, mzigo unateremka," wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao, lakini mimi namjua, kile hakikuwa kicheko chake. Nilikuwa juu yake kidogo nikimtazama, mkono wa mkwe wangu ukiwa chini ya kiwiko changu, nami nikaendelea kupanda kwa sababu walio nyuma walikuwa wakingoja. Tangu hapo hakurudi, wala hawakurudi wengi wa wenzetu wenye magoti mabaya kuliko yangu. Tuliobaki tulikuwa wale wenye nafuu, tukamaliza mazoezi, tukapimwa, tukapongezwa.

Sasa nafika kwenye kiini. Utafiti huo umekubaliwa na jarida la kitaaluma, na hospitali itautoa pia kwa Kiswahili kama kijitabu kitakachogawiwa zahanati nyingine zinazotaka kuanzisha mazoezi kama yetu. Kwa kuwa maisha yangu ya kazi niliyamaliza katika kiwanda cha chapa cha misheni, nikiwa msahihishaji wa miswada, mkwe wangu aliniletea mswada akasema, "Baba, naomba unitazamie Kiswahili tu, mambo ya kitaalamu yameshapitiwa," nami nikaichonga penseli yangu nyekundu kwa furaha, nikajiona nimerudi kazini, nikasahihisha ngeli, nikaondoa mikato iliyozagaa kama mchele uliomwagika, mpaka nikafika kwenye sentensi hii, ambayo nainakili kama ilivyo: "Washiriki walioacha mazoezi katika awamu ya pili walikosa ari ya kuendelea, jambo la kawaida kwa watu wa umri huu." Na chini yake ikafuata nyingine, ikisema kwamba wote waliokamilisha mazoezi walionyesha maendeleo ya kuridhisha, na kwa hiyo mpango huu unafaa kuigwa ulivyo.

Mama Mshauri, penseli ilisimama. Jambo la kawaida kwa watu wa umri huu! Mtu anaketi juu ya ngazi mbele ya umati, anateremka kwa makalio, na wasomi wanaandika kwamba amekosa ari!

Siku hiyo mezani nilijikaza nikasema, kwa upole kadiri nilivyoweza, "Mama, hawa walioacha, mbona sababu yao tunaijua?"

"Baba, kukosa ari ni istilahi tu. Haina maana ya uvivu."

Mwanangu akadakia, "Mzee wangu, kila utafiti una wanaoacha. Wahakiki waliuliza sababu, bosi akasema iandikwe hiyo, imepita. Usimtibulie mama watoto, anangoja cheo."

"Na Bwana Pindo nimwambie nini?"

Mkwe wangu akasema, "Bwana Pindo hatakisoma."

Nadhani alijua papo hapo amesema vibaya, kwa maana aliinuka kuondoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Naye Bwana Pindo amekwisha kujua. Hospitali inaanza huduma mpya ya mazoezi kwa kufuata matokeo ya utafiti, na muuguzi aliyepita kuwaita watu alimwambia mlangoni pake kwamba yeye ni miongoni mwa walioonekana hawana ari, kwa hiyo hataanza na wengine mpaka ahudhurie kwanza semina ya kuhamasishwa. Semina yenyewe inafanyika ghorofani. Nilipomtembelea nilimkuta kwenye kiti chake cha zamani cha kazi, cherehani imefunikwa shuka, akaniuliza bila mzaha wowote, "Kaka, ni kweli nimeandikwa kitabuni kwamba sina ari? Mimi? Na magoti haya ndiyo yaliyosomesha watoto wangu?" Nikamwambia nitalifuatilia na nitamrudia. Bado sijamrudia, kwa sababu sijui nimrudie na nini. Binti yake sasa anamshika tena kwenda msalani.

Mwisho, na hili ndilo linalonichoma zaidi, nimeombwa kusimama siku ya uzinduzi wa kijitabu, katika ukumbi uleule wa ghorofani, nitoe ushuhuda wa namna nilivyopona, na picha yangu nikisimama kwa vidole vya miguu, nikitabasamu kama bwana harusi, imekwisha kuwekwa kwenye jalada. Mswada unatakiwa urudi Ijumaa.

Basi nauliza, kwa aibu ya mtu anayewasema watu wa nyumbani mwake hadharani. Je, niurudishe mswada nikiwa nimesahihisha lugha tu, kama nilivyoombwa, na nilinde amani ya nyumba iliyonihifadhi? Je, nimwandikie mhariri wa jarida kwa siri? Au nisubiri siku ya uzinduzi, nikipewa kipaza sauti nimwage yote mbele ya wageni? Kila njia naiona ina mtu nitakayemvunja. Samahani tena kwa kukuchosha.

Wako mtiifu,
Mgane wa Fimbo

*

MSHAURI ANAJIBU

Baba yangu wa fimbo,

Hodi yako imepokelewa. Wachumba watasubiri, hawafi. Na kabla ya lolote, acha kuniomba radhi. Nimeisoma barua yako yote nikitafuta kosa uliloniomba nikusamehe na sikuliona. Wa kuomba radhi wapo, lakini si wewe uliyeshika kalamu kuniandikia.

Hasira yako ni halali. Mimi mwenyewe niliiweka barua mezani nikazunguka chumba. Watu waliosomea magoti wamewaita wenye magoti mabovu waje kutibiwa, kisha wakaiweka tiba juu ya ngazi, kisha wakashangaa nani hakufika! Ngazi ile ilikuwa mtihani. Aliyeweza kupanda alihesabiwa, asiyeweza akafutwa, na mwishoni wanatangaza kwamba waliobaki wana miguu mizuri. Wangekosaje kuwa nayo? Na bosi, ambaye goti lake moja lilitosha kuhamisha ofisi nzima, hakuona kwamba magoti ya wengine yalistahili chumba kimoja. Yeye alipokwepa ngazi ilikuwa maumivu. Bwana Pindo alipozikwepa ikawa kukosa ari. Loo!

Wala usijidanganye kwamba hili ni neno moja tu kwenye mswada. Kijitabu kinakwenda zahanati nyingine. Kitasema mpango uigwe ulivyo, na wataiga, na kila mahali kutakuwa na mtu anayeambiwa mlangoni pake kwamba tatizo ni roho yake. Ndiyo maana jibu langu la swali lako la kwanza ni hapana. Mswada haurudi hivyohivyo.

Lakini na wewe, baba, nina neno nawe. Umeniandikia mwenyewe, kwa mwandiko wako mzuri, kwamba ulipokuwa ukipanda mkono wa mkweo ulikuwa chini ya kiwiko chako. Uliandika ukapita, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Rudi usome hapo. Bwana Pindo hakukosa ari. Alikosa wa kumshika kiwiko. Na wewe ari yako isingekufikisha hata kwenye ile kona. Sikulaumu kwa kushikwa, kila mzee ashikwe, ndiyo kazi yetu sisi tulio wadogo. Nakulaumu kwa kudhani kwamba wewe ni shahidi wa pembeni katika jambo hili, mtu mstaarabu aliyekuta kosa kwenye karatasi za watu. Wewe ndiwe matokeo ya utafiti. Sura yako iko kwenye jalada. Ukinyamaza, ni wewe unayemwambia rafiki yako kwamba hana ari, tena unamwambia ukitabasamu.

La pili: huyo mtu alikuuliza swali, ukamwahidi kurudi, hukurudi. Unangoja jibu zuri la kumpelekea. Yeye hangoji jibu zuri, anakungoja wewe. Ukimaliza kusoma gazeti hili, chukua fimbo uende. Mwambie waziwazi: ndiyo kaka, wameandika hivyo, ni uongo, na mimi sitauacha upite. Kisha mwombe ruhusa ya kulitaja jambo lake, maana aibu ya ngazini ni yake, si yako kuitangaza.

Sasa mkweo. Huyu mwanamke si mwovu, ni mwoga. Mtu mwovu angesema "hatakisoma" akaendelea kula. Yeye aliinuka kuondoa sahani zenye chakula. Anajua, na imekuwa ikimla kabla wewe hujaona sentensi ile. Bosi amemwambia aandike, cheo kiko mkononi mwa bosi, na nyumbani mumewe anamwambia imepita. Nani amesimama upande wake hata aweze kukataa? Kwa hiyo usimwandikie mhariri kwa siri, utakuwa umemchoma mgongoni mtu aliyekuinua kitandani. Na kipaza sauti sahau kabisa. Ukimwaibisha mbele ya wageni atajitetea, na akishajitetea hadharani hatarudi nyuma tena.

Fanya kazi uliyopewa. Umekuwa msahihishaji maisha yako yote, na unajua kuliko mimi kwamba msahihishaji akikuta jambo ambalo si la lugha halifuti wala halibadilishi, huweka swali pembeni ili mwandishi alijibu. Ijumaa rudisha mswada ukiwa safi, mikato na ngeli zote mahali pake, na mbele ya sentensi ile weka swali kwa penseli nyekundu: "Je, waliulizwa?" Basi. Usiongeze hotuba. Maana nimeisoma barua yako nzima, na hakuna mahali ambapo yeyote alikwenda kwa Bwana Pindo akamwuliza, "Baba, mbona huji?" Walikwenda kumwambia tu kwamba hana ari.

Ukimkabidhi, mwambie, "Mama, naomba unisindikize kwa rafiki yangu, ukamwulize mwenyewe." Mkwe hawezi kumkatalia baba mkwe ombi la kusindikizwa. Ile heshima inayokuzuia kuuliza chumvi, leo itumie. Wakishaketi pamoja wewe nyamaza, mwache Bwana Pindo azungumze na mwache mtaalamu asikie. Kisha ni yeye, kwa jina lake, atakayemwandikia mhariri kabla jarida halijachapwa, aeleze kwamba chumba kilihamishwa, kwamba ngazi zilikuwepo, na kwamba walioacha ni wale waliokuwa na magoti mabaya zaidi. Na kijitabu kiseme wazi: mazoezi ya wazee yafanyike chini. Sentensi hiyo itawafaa wenye fimbo wa zahanati zote kuliko kurasa nyingine zote. Mwanao naye umwambie kwamba jina litakalobaki chini ya uongo huo si la bosi, ni la mkewe.

Na bosi akikataa? Hapo wewe una nguvu ambayo mkweo hana, kwa sababu wewe hungoji cheo. Miguu uliyompa apime ni yako, na picha ni yako. Iandikie hospitali barua fupi, bila samahani hata moja ndani yake, kwamba picha yako itoke kwenye jalada na ushuhuda wako usihesabiwe. Mpe mkweo nakala aisome kwanza, asije akaambiwa na watu.

Siku ya uzinduzi ikifika kabla mambo hayajanyooka, vaa vizuri. Mpitie Bwana Pindo, mwende taratibu, mkifika mtafute viti viwili mviweke mwanzo wa ngazi, pale foleni ya dawa inapopita, mketi. Watakuita juu. Watatuma mtu, kisha mwingine. Mkweo akija mwenyewe na kukunyooshea mkono akushike kiwiko, mwambie kwa upole wako uleule, "Mama, leo mkono huo mpe huyu."

Na bosi akichungulia kutoka juu kuuliza kwa nini wazee hawapandi, mjibuni kwamba ari ya kupanda mnayo nyote wawili, yeye aseme ile ya kushuka, iliyomwingiza katika chumba chenu, leo ameiacha wapi.